Kupanga Ratiba ya Kalibresheni ya Darubini ya Redio Karibu na Ikweta: Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Programu Yake kwa Python

Dishi la redio halikuambii nyota ina nguvu kiasi gani. Linakupa volti tu, nazo hupanda na kushuka kwa joto la kipokezi, kwa mwinuko wa dishi na kwa hewa iliyo juu yake. Ili volti hizo ziwe Jansky, kizio cha nguvu ya mawimbi ya redio yanayotufikia kutoka angani, lazima dishi litazame mara kwa mara vyanzo ambavyo nguvu yake inajulikana. Hiyo ndiyo kalibresheni, na ndiyo kazi inayoonewa kuliko zote kwenye ratiba. Watu hupanga shabaha zao wanazozipenda, halafu wakibakiwa na dakika chache ndipo wanachomeka chanzo cha rejea popote panapoingia. Mwezi mmoja baadaye wana data nyingi isiyoweza kulinganishwa na data ya mtu mwingine yeyote.

Msimamo wangu ni kwamba programu ya ratiba iandikwe kinyume na mazoea hayo. Vipimo vya rejea vipangwe kwanza, kisha shabaha zijaze nafasi zinazobaki. Mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na hilo.

Mfano nitakaoutumia ni dishi la mita 32 lililo mahali kama Longonot, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, takriban digrii 1 kusini mwa ikweta. Dishi la mawasiliano la pale limo katika mpango wa mtandao wa Afrika wa VLBI (darubini zilizo mbalimbali zinazotazama pamoja kama moja), ambao Kenya imeingia pamoja na Afrika Kusini, Botswana, Ghana, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ghana ilitangulia: dishi la Kuntunse, nalo la mita 32, lilizinduliwa kama darubini mwaka 2017. Kama umepitia mafunzo ya DARA, mradi wa kufundisha astronomia ya redio Afrika, au unajua Python kiasi cha kuandika kitanzi na kazi ndogo, unatosha kabisa kufuata hatua hizi.

Jua kwanza unapima nini

Neno kalibresheni linabeba kazi kadhaa, na kila moja ina dai lake kwenye ratiba.

Ulengaji huangalia kama dishi linatazama pale linapodhani linatazama. Kwa dishi la mita 32 kwenye 6.7 GHz, masafa ya mstari maarufu wa methanoli, mwale, yaani eneo la anga ambalo dishi huliona kwa mara moja, una upana wa karibu dakika 6 za tao. Ukikosea kwa moja ya kumi ya mwale unapoteza karibu asilimia 3 ya mawimbi. Ukikosea kwa robo, karibu asilimia 16. Kwa hiyo ulengaji hupimwa kila saa moja au mbili, na mara nyingi zaidi jua linapochomoza na linapotua, kwa sababu chuma kikipata joto upande mmoja hujipinda.

Kipimo cha fluksi, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka kwenye chanzo, huhitaji chanzo imara chenye nguvu inayojulikana. Grafu ya geini huonyesha jinsi uwezo wa dishi unavyobadilika linapoinuka na kuinama kwa uzito wake, na huhitaji chanzo kilekile kipimwe kikiwa chini, katikati na juu. Joto la mfumo, yaani kelele ya kipokezi na mazingira ikielezwa kwa kelvini, hupimwa kwa diodi ya kelele, kifaa kinachoingiza kelele ya kiasi kinachojulikana. Hiyo ni ya sekunde chache na huwekwa mwanzoni mwa kila skani (kipindi kimoja cha kutazama chanzo) bila mjadala. Polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao mawimbi hutikisika, huhitaji chanzo kionekane kwa pembe nyingi za paralaktiki (jinsi chanzo kinavyoonekana kuzunguka mbele ya dishi saa zikipita), kwa hiyo skani zake zitawanywe kwa saa nyingi badala ya kurundikwa pamoja.

Hatua ya 1: Saa

Anza hapa, maana makosa ya saa hayapigi kelele. Programu nzima ifanye kazi kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa 3 usiku Nairobi ni 21:00 kwa saa ya Afrika Mashariki na ni 18:00 UTC. Kituoni watu husema saa za Kiswahili, kompyuta ya ofisini huonyesha saa za eneo, na dishi hufuata UTC. Ratiba unayoichapisha kwa ajili ya mwangalizi wa zamu iwe na safu ya UTC na safu ya saa ya kawaida ya kituo, zote mbili, kila mstari.

Kisha kuna saa ya nyota, inayohesabu mzunguko wa dunia ukilinganishwa na nyota badala ya jua. Siku ya nyota ina saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo kila chanzo huwahi kwa karibu dakika 4 kila siku, na kwa mwezi mmoja huwahi kwa karibu saa 2. Ratiba iliyofaa Machi haifai Mei. Hifadhi mpango wako kwa saa ya nyota, na uugeuze kuwa UTC siku ya kazi.

Astropy, maktaba ya Python ya astronomia, hupakua jedwali la mzunguko wa dunia kutoka intaneti. Kituoni ambako intaneti inakatika, programu inaweza kugoma usiku wa manane kwa sababu hiyo tu. Pakua jedwali mapema, kisha uweke:

```
from astropy.utils import iers
iers.conf.auto_download = False
iers.conf.auto_max_age = None
```

Tofauti kati ya UT1 (saa inayofuata mzunguko halisi wa dunia) na UTC haizidi sekunde 0.9, yaani sekunde 13.5 za tao. Kwa kupanga ratiba hilo si tatizo. Kwa programu inayoendesha dishi lenyewe ni jambo la kuangalia, kwa hiyo usichanganye programu hizo mbili.

Hatua ya 2: Orodha ya vyanzo vya rejea

Orodha iwe fupi na iwe ya kuaminika. Orodha ya thamani za fluksi inayotumiwa sana ni ya Perley na Butler ya mwaka 2017, inayofanya kazi kuanzia 50 MHz hadi 50 GHz. Nguzo yake ni chanzo kiitwacho 3C286, ambayo fluksi yake hutulia miaka nenda miaka rudi. Kwa 1 GHz ina karibu Jansky 17.7, na kwa 6.7 GHz karibu Jansky 5.9. 3C48, 3C138 na 3C147 ni nzuri lakini hubadilika polepole, hivyo zitumie ukiwa na vipimo vya karibuni. Kusini mwa anga kuna 1934-638, chanzo kikuu cha rejea cha darubini za ATCA huko Australia, ambacho MeerKAT ya Afrika Kusini pia hukitumia kwa jina la J1939-6342 pamoja na J0408-6545.

Hapa ndipo ikweta inapotupendelea. Mwangalizi wa Ulaya haioni 1934-638 kabisa, lakini sisi tunaiona hiyo na 3C286 pia. Katika Longonot 3C286 hufika mwinuko wa karibu digrii 58 na hukaa juu ya digrii 20 kwa karibu saa 8 na dakika 48. 1934-638 hufika digrii 27 tu na hukaa juu ya digrii 20 kwa karibu saa 5 na dakika 40. Kuna kipindi cha takriban saa moja, saa ya nyota 16:50 hadi 17:55, ambapo zote mbili ziko juu ya digrii 20. Na karibu saa ya nyota 17:40 zinakuwa kwenye mwinuko mmoja, digrii 23 hivi, moja kaskazini-magharibi ikishuka, nyingine kusini ikipanda. Kwa kuwa mwinuko ni uleule, mchango wa geini hujifuta, na unaweza kulinganisha kipimo cha kaskazini na cha kusini moja kwa moja. Kipindi hicho mimi ningekifunga kwenye programu kisiguswe na shabaha ya mtu yeyote.

Hatua ya 3: Nani yuko juu, na lini

Sakinisha astropy na numpy, kisha:

```
import numpy as np
import astropy.units as u
from astropy.time import Time
from astropy.coordinates import SkyCoord, EarthLocation, AltAz

kituo = EarthLocation(lat=-1.0*u.deg, lon=36.5*u.deg,
                      height=1900*u.m)
rejea = {
  "3C286":    SkyCoord("13h31m08.288s", "+30d30m32.96s"),
  "3C48":     SkyCoord("01h37m41.299s", "+33d09m35.13s"),
  "1934-638": SkyCoord("19h39m25.026s", "-63d42m45.63s"),
}
mwanzo = Time("2026-03-10 15:00:00")   # saa 12 jioni Nairobi
saa = mwanzo + np.arange(0, 24, 1/12)*u.hour

for jina, chanzo in rejea.items():
    aa = chanzo.transform_to(AltAz(obstime=saa, location=kituo))
    juu = aa.alt > 20*u.deg
    mabadiliko = np.flatnonzero(np.diff(juu.astype(int)))
    print(jina, "mwanzoni juu:", juu[0],
          [saa[i].iso[11:16] for i in mabadiliko])
```

Namba za kituo hapo ni za kukaribia. Weka zilizopimwa za kituo chako.

Angalia kwa nini msimbo unatafuta mabadiliko badala ya kuchukua dakika ya kwanza na ya mwisho chanzo kilipokuwa juu. Jioni ya 10 Machi 2026, 3C48 iko juu tayari ratiba inapoanza. Hushuka chini ya digrii 20 saa 1 na dakika 19 usiku hivi, kisha huibuka tena kesho yake kama saa 4 na dakika 36 asubuhi. Ukichukua mwanzo na mwisho tu, programu itaamini kuwa 3C48 iko juu usiku kucha na itakupangia skani za kutazama ardhi. 3C286 usiku huohuo hupita meridiani (mstari wa kaskazini-kusini, inapofika juu kabisa) karibu saa 9 kasoro dakika 10. Tumia namba hizi kujaribu programu yako (hizi ni saa za Kiswahili za Nairobi, msimbo huchapisha UTC): zikitofautiana kwa zaidi ya dakika chache, kuna kosa la saa au la longitudo.

Hatua ya 4: Muda wa kugeuza dishi

Maktaba ya astroplan ina vipanga ratiba vilivyo tayari, na kwa kujifunzia inafaa. Lakini kipimo chake cha muda wa kugeuka hutumia umbali wa moja kwa moja angani kati ya vyanzo viwili. Dishi kubwa haliendi hivyo. Lina mota ya azimuthi (kuzunguka kushoto na kulia) na mota ya mwinuko (kupanda na kushuka), kila moja na kasi yake, na lina nyaya zinazojizungusha kwenye nguzo, kwa hiyo azimuthi ina mipaka.

Chukua 3C286. Huibuka juu ya digrii 20 ikiwa azimuthi 57, husogea kuelekea kaskazini, na inapopita meridiani azimuthi yake hushuka kutoka 1 hadi 0 kisha kompyuta inaandika 359. Dishi limesogea digrii 2. Programu iliyoandikwa kwa haraka inaona digrii 358 na inaweka dakika nyingi za kugeuka katikati ya kipimo kizuri kuliko vyote vya usiku huo. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: programu inadhani safari ni fupi, kumbe nyaya zimefika mwisho na dishi linalazimika kurudi mzunguko mzima.

Dawa ni kutunza azimuthi halisi ya dishi, isiyokatwa kwenye 360:

```
AZ_CHINI, AZ_JUU = -270, 270      # mfano; soma za dishi lako

def kugeuka(az1, el1, az2, el2, kasi_az, kasi_el, kutulia=10):
    njia = []
    for k in (-360, 0, 360):
        lengo = az2 + k
        if AZ_CHINI <= lengo <= AZ_JUU:
            njia.append((abs(lengo - az1), lengo))
    if not njia:
        return None
    umbali, az_mpya = min(njia)
    t = max(umbali/kasi_az, abs(el2 - el1)/kasi_el) + kutulia
    return t, az_mpya
```

Kasi ni digrii kwa sekunde, na jibu ni sekunde. Muda wa kutulia usiuache. Tani nyingi za chuma zikisimama ghafla huendelea kutikisika. Kagua pia azimuthi ya mwisho wa skani, si ya mwanzo peke yake, maana chanzo kinaweza kuvuka mpaka wa nyaya ukiwa katikati ya kupima. Na usichukue kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha dishi bila kuipima. Geuza dishi kwenda na kurudi, siku ya upepo na siku tulivu, andika muda, utumie ule mrefu.

Hatua ya 5: Utosini, jua na satelaiti

Karibu na ikweta, vyanzo vyenye deklinesheni ndogo (vilivyo karibu na ikweta ya anga) hupita utosini, na pale dishi la azimuthi na mwinuko hushindwa. Chanzo 3C273, kwa Longonot, hufika mwinuko wa karibu digrii 87. Wakati huo azimuthi yake inabadilika kwa karibu digrii 4.7 kila dakika. Hata kama mota inaweza kufuata, ulengaji haupimiki vizuri. Weka kikomo cha mwinuko wa juu, mathalani digrii 85, na programu ivunje skani yoyote inayokivuka.

Ukanda wa satelaiti zinazosimama juu ya ikweta nao hupita karibu na utosi wetu, ukinyooka mashariki hadi magharibi. Vituo vya kaskazini huuona ukiwa chini kusini. Sisi tumeketi chini yake. Kwa masafa ya 3.4 hadi 4.2 GHz na 10.7 hadi 12.75 GHz, ambayo satelaiti hutumia kushusha mawimbi, usichague chanzo cha rejea kilicho karibu na deklinesheni sifuri kama kuna kingine.

Jua ni rahisi: tumia `get_sun` ya astropy, hesabu umbali, kataa chochote kilicho karibu kuliko kikomo chako. Kumbuka kuwa katikati ya Juni jua hupita karibu sana na Taurus A, chanzo ambacho watu wengi hukitumia kwa ulengaji.

Hatua ya 6: Skani iwe ndefu kiasi gani

Piga hesabu, usikisie. Dishi la mita 32 lina eneo la mita za mraba 804. Ufanisi ukiwa asilimia 60, kila Jansky moja huongeza joto la kelvini 0.175 hivi. Kwa hiyo 3C286 kwenye 6.7 GHz hutoa takriban kelvini 1. Tuseme kipokezi hakijapozwa na joto la mfumo ni kelvini 100, upana wa bendi 100 MHz. Kelele ya sekunde moja ni 100 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha milioni 100, yaani kelvini 0.01. Umepata uwiano wa 100 kwa sekunde moja tu.

Maana yake ni kwamba urefu wa skani hauamuliwi na kelele, bali na kuyumba kwa kipokezi. Kukaa dakika 10 juu ya 3C286 hakukusaidii. Skani fupi zinazorudiwa ndizo zinazokuonyesha jinsi mfumo unavyoyumba. Kwa ulengaji, pita msalaba: azimuthi kwenda na kurudi, mwinuko kwenda na kurudi, sekunde 30 kila mpito. Hizo ni dakika 2, ongeza kutulia. Kwa shabaha dhaifu hesabu inageuka, na huko ndiko muda uliookoa uende.

Hatua ya 7: Kujaza ratiba

Programu ipite mara tatu juu ya usiku mzima.

Mpito wa kwanza huweka nanga: skani za fluksi karibu na mwanzo na mwisho wa kipindi, skani za grafu ya geini zilizotawanywa kwa mwinuko, na ule wakati wa kulinganisha kaskazini na kusini. Usiku wetu wa mfano, wakati huo unaangukia karibu saa 1 asubuhi ya 11 Machi, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza na chuma kinaanza kupata joto. Kwa hiyo programu iweke ulengaji mara moja kabla yake na mara moja baada yake. Hukumu za namna hii ziandike kama kanuni kwenye faili la mipangilio, usizifiche ndani ya msimbo, ili wa zamu nyingine azisome na kuzibadilisha.

Mpito wa pili huweka ulengaji wa kila saa, ukichagua chanzo chenye nguvu kilicho karibu na eneo la anga ambako dishi litakuwa. Ulengaji uliopimwa upande wa pili wa anga haukuhakikishii kitu kuhusu shabaha yako.

Mpito wa tatu hujaza shabaha. Kwa kila nafasi iliyo wazi, pitia shabaha zote zinazoonekana, kadiria muda wa kugeuka, na upe alama: kipaumbele chake, muda uliobaki kabla haijazama, toa gharama ya kugeuka. Chukua yenye alama nyingi, weka, songa mbele. Njia hii ya kuchagua bora kwa sasa haileti ratiba kamilifu, lakini inaeleweka, na ratiba ambayo mwangalizi anaielewa huweza kuokolewa upepo unapovuma. Masharti mawili yasivunjwe: skani isiingie kama haiwezi kumaliza pamoja na kugeuka kabla ya nanga inayofuata, na shabaha isikae kati ya vipimo viwili vya rejea vilivyoachana kuliko kikomo ulichoweka.

Nafasi ndogo zitabaki. Usizijaze kwa shabaha iliyokatwa nusu. Weka diodi ya kelele, au mpito mmoja zaidi wa ulengaji.

Hatua ya 8: Kagua, kisha utoe faili

Andika kikaguzi kama programu tofauti kabisa, ikiwezekana kiandikwe na mtu mwingine. Kisome faili la mwisho, kihesabu upya azimuthi na mwinuko kila sekunde 10 kwa kila skani, na kikatae ratiba nzima kikiona mwinuko nje ya mipaka, nyaya zilizopitiliza, jua lililo karibu, au skani mbili zinazopandana. Kikaguzi kinachotumia kazi zilezile za kipanga ratiba kitarudia makosa yaleyale.

Faili la kutoa litategemea mfumo wa kituo. Vituo vya VLBI hutumia Field System, programu ya NASA ya kuendesha kituo, na ratiba huja kama faili la VEX, ambalo programu ya drudg huligeuza kuwa amri za kituo. Kituo chako kikishiriki VLBI hutapanga mwenyewe: kwa astronomia, mwenye mradi huandaa ratiba kwa SCHED au toleo lake la Python, pySCHED; kwa jiodesia (upimaji wa umbo na mzunguko wa dunia), VieSched++ inatumika sana. Kazi yako hapo ni kuwapa takwimu sahihi za dishi: mipaka ya azimuthi, kasi za mota, muda wa kutulia, upeo wa macho wa kituo kwa kila upande. Milima inayozunguka bonde isipoandikwa kwenye faili hilo, utapangiwa skani za kutazama mlima, na vituo vingine vyote vitakaa vikisubiri mawimbi yasiyokuja.

Mwisho, iandae programu kupanga upya kutoka katikati. Umeme ukikatika saa 7 usiku, mwangalizi awe na amri moja ya kusema sasa ni saa ngapi, dishi liko azimuthi gani halisi, na nanga zipi zimeshafanyika. Programu ihifadhi yaliyokwishapimwa, iweke kwanza ulengaji mpya, kisha kipimo cha fluksi, maana kipokezi kilichozimwa na kuwashwa ni kipokezi kingine, halafu ndipo irudi kwenye shabaha.